Rambirambi za Baraza Lililofutwa

Jumamosi, 1 Novemba 2014

Habari kubwa. Diwani Nuala Prendiville anahamia Kanada kwa binti yake. Kiti chake katika baraza la kaunti kiko wazi! Hakuna uchaguzi mdogo. Chama ndicho kinachoteua mtu wa kukikalia, na tawi letu la Kilbrannock litapiga kura Ijumaa tarehe 28. Wanachama hamsini na wawili. Nahitaji ishirini na saba. Nimehesabu nilio nao kwa yakini. Mmoja, yaani mimi.

Niandike wazi, maana hiki ni kitabu changu na hakuna anayekisoma ila mke wangu Attracta, ambaye husoma akidhani sijui. Nilikuwa diwani wa mji huu miaka kumi na tano. Tulikuwa na baraza letu wenyewe: madiwani tisa, karani mmoja, na mkufu wa fedha wa mwenyekiti. Tarehe mosi Juni mwaka huu serikali ikayafuta mabaraza ya miji nchi nzima, themanini kwa siku moja. Eti mageuzi. Sasa taa ya barabarani ikizimika hapa kwetu unampigia simu mtu aliye maili thelathini na tisa, naye anakuuliza Kilbrannock iko upande gani.

Mwezi Mei niligombea kaunti. Nilipata kura tisini na moja. Waliowahi kununua zulia dukani kwangu ni wengi kuliko hao.

Mpinzani wangu ni Colman Breheny. Ana duka la majeneza na gari la maiti. Hapa kwetu Wairishi kura hutafutwa msibani: unapanga foleni, unashika mkono wa kila mfiwa, unasema poleni kwa msiba, na jina lako linakumbukwa miaka mitano. Sasa nitamtanguliaje mtu ambaye maiti hupelekwa kwake? Hata matangazo ya vifo kwenye redio ya kaunti ni yeye anayeyapeleka. Mimi nikipata habari, Breheny ameshakunywa kikombe cha pili cha chai pale nyumbani.

Dhuluma tupu.

Jumanne, 4 Novemba

Jumanne ya kwanza ya mwezi. Saa nane mchana nikaenda kwenye ukumbi wa baraza, kama kawaida yangu. Attracta anadhani nimekwenda benki. Ufunguo sikuurudisha. Hakuna aliyeuulizia, kwa sababu aliyepaswa kuuulizia naye alifutwa. Huwa nakaa kwenye kiti changu nusu saa. Siku nyingine natoa hoja. Hupita bila kupingwa.

Leo ukumbi ulikuwa na joto. Umeme ulikatwa tangu Juni, lakini nilipogusa kile chuma cha kupasha joto ukutani kiliniunguza. Viti vyote vilikuwa vimevutwa nyuma, kama vya watu walioinuka sasa hivi kwenda kunywa chai. Na mezani pa karani, kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Nilidhani kilichukuliwa na kaunti.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya leo. Wino wa kijani. Herufi zilizolala ubavu, nazijua: za Bi Philomena Tansey, aliyekuwa karani wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Nikapitisha kidole. Wino ulikuwa mbichi. Kidole bado kina kijani, nimekisugua kwa sabuni mara tatu.

Bi Tansey tulimzika mwaka juzi. Nilishika mikono ya ndugu zake wote saba.

Nikasoma majina ya waliohudhuria. Nawafahamu wote, na wote wako makaburini nyuma ya kanisa. Shughuli ya kwanza, hoja ya rambirambi. Kila mkutano wa baraza huanza hivyo: diwani mmoja anatoa hoja ya kuwapa pole wafiwa, mwingine anaiunga mkono, tunasimama dakika moja. Enzi zetu tulitumia saa nzima kwa marehemu na dakika kumi kwa mashimo ya barabara. Hoja ya leo ilikuwa ya kuipa pole familia ya Bwana Tadhg Lavelle.

Lavelle! Nilimwona leo leo asubuhi akinunua kabichi. Alinitania kwamba zulia nililomuuzia limeota upara.

Kuna mtu ananichezea. Breheny, bila shaka.

Alhamisi, 6 Novemba

Redio, saa tatu asubuhi. Tadhg Lavelle, amefariki usingizini. Nilikuwa nakula yai. Sikulimaliza.

Msibani nilikuwa mtu wa arobaini na tatu kwenye foleni. Breheny alikuwa mlangoni, amevaa glavu, akiwaelekeza watu pa kupita na kumwita kila mmoja kwa jina. Nilipomfikia akaniambia nimechelewa kidogo leo, Diwani. Hilo la Diwani analisema kwa kunikejeli.

Niliogopa, naandika ukweli. Nilisimama pale kati ya maua na watu wanaokohoa. Mtu aliyekufa ameandika jina la mtu aliye hai, na aliye hai akafa. Ningekuwa na akili ningetupa ufunguo mtoni. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mtu kwenye foleni huwaza. Nikawaza hivi: nchi nzima, ni nani mwingine anayejua kabla ya Breheny?

Hakuna. Ni mimi peke yangu!

Jumanne, 11 Novemba

Si Jumanne ya kwanza ya mwezi, lakini sikuweza kungoja: nilifika saa nane kasoro. Mlango ulifunguka kabla sijazungusha ufunguo. Ndani, harufu ya peremende kali zile alizokuwa akimumunya Bi Tansey mikutano ikirefuka. Bilauri ya maji mezani pa mwenyekiti ilikuwa nusu, na maji yenyewe yalikuwa bado yanatikisika.

Sikukaa. Nilisoma nimesimama, mkono mmoja kwenye kitasa. Hoja ya rambirambi kwa familia ya Bi Honor Kilgallon.

Akina Kilgallon wako watano kwenye tawi. Mungu anisamehe, nilihesabu kwanza ndipo nikasikitika.

Jumatano, 12 Novemba

Aibu. Sijui niandikeje.

Nilipanga kila kitu. Niliamka mapema, nikatengeneza sandwichi arobaini za mayai. Attracta akaniuliza nani kafa. Nikamwambia bado. Akarudi kumenya viazi.

Saa nne kamili niko mlangoni kwa Kilgallon. Tai nyeusi, sinia mkononi, uso wa huzuni. Barabara tupu, gari la Breheny halipo. Nimemshinda! Mlango ukafunguliwa, nikaukamata mkono wa kwanza uliotokea na kusema kwa sauti yangu ya msibani: "Poleni sana kwa msiba."

Mkono ulikuwa na unga. Nikainua macho. Ni Bi Honor mwenyewe, na aproni yake.

"Msiba gani, mwanangu?"

Nikasema, wa baraza la mji. Ndilo lililonijia. Nikaeleza kwamba nazunguka nyumba kwa nyumba kuwapa pole wananchi kwa kupoteza baraza lao, maana serikali haikuwapa hata kikombe cha chai. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kweli ulikuwa msiba, maana tangu Juni anaomba wamzibie shimo lililo mbele ya lango lake na hajui amlilie nani. Zamani alikuwa akimgongea diwani dirishani. Akanikaribisha. Akala sandwichi mbili, akasema mayai hayana chumvi. Akanikumbusha kwamba mwaka 2003 mimi ndiye niliyemwekea taa pale kwenye kona, na kwamba hakuwahi kunishukuru. Akanishukuru.

Nilijisikia vibaya. Bibi mzuri, mashavu mekundu, anakata mkate kwa nguvu.

Nilipoaga akanishika mkono wa koti, na safari hii hakuwa anacheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Nani kakutuma, Ultan? Maana tangu jana mchana namsikia mwanamke akilitaja jina langu. Haniiti. Analisoma tu, kama anasoma orodha."

Nikasema hakuna aliyenituma. Nikaacha sinia.

Alhamisi, 13 Novemba

Bi Honor alifariki jana jioni, kwenye kiti chake jikoni.

Nilikuwa wa kwanza msibani. Wa kwanza kabisa, mbele ya Breheny! Ningependa kuandika kwamba ilikuwa siku nzuri. Wanawe waliniona naingia wakaacha kupanga vikombe. Sinia langu lilikuwa bado mezani, sandwichi thelathini na nane, hakuna aliyezigusa. Binti yake mkubwa, Gobnait, aliniuliza nilijuaje. Nikasema nilipita tu. Akasema majirani waliniona na tai nyeusi saa nne asubuhi, saa nane nzima kabla mama hajafa. Niliponyoosha mkono, aliurudisha wake nyuma ya mgongo.

Huzuni humfanya mtu hivyo. Kura tano nadhani ni zangu.

Jumatano, 19 Novemba

Kitabu cha jana: familia ya Bwana Packy Durcan. Mjumbe wa tawi, ana kura yake na ya dada yake.

Nimejifunza kutokana na makosa. Leo hakuna sandwichi, hakuna tai nyeusi. Nilivaa ya njano. Nikaegesha gari mbele ya nyumba yake saa mbili asubuhi, nikafungua gazeti, kama mtu anayepita zake tu. Mpango ulikuwa kusubiri mpaka jambo litokee lenyewe, kisha kuingia kwa heshima.

Saa tatu Packy akatoka kuchukua maziwa mlangoni. Akaniona. Nikampungia mkono. Chupa ikamponyoka. Akarudi ndani na pazia likafungwa. Kisha la jirani yake. Kisha la nyumba ya tatu. Nikaangalia kwenye kioo cha gari, nikaona mapazia yakifungwa mpaka mwisho wa barabara, moja baada ya jingine, taratibu, na hakuna sauti hata ya mbwa.

Nilikaa pale peke yangu kwenye barabara ya watu waliojificha. Ndipo nikasikia kiti cha nyuma cha gari kikilia, kama mtu amekaa vizuri zaidi. Harufu ya peremende. Sikugeuka. Nilisoma ukurasa wa michezo mpaka mwisho, nami sipendi michezo.

Packy amefariki saa kumi alasiri. Alikuwa anaongea na Breheny kwa simu, anachagua jeneza.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani. Novemba yote bahasha za majina ya marehemu huwekwa altareni, kila familia na orodha yake. Nilipopita kuweka yetu, watu waliinua bahasha zao na kuzikumbatia. Nilipokaa, benchi zima likahamia upande wa pili. Attracta akabaki, lakini alisogea.

Baada ya chakula cha mchana Breheny akaja nyumbani. Hakuwahi kuja. Alivua kofia, akakataa chai, na Mwirishi akikataa chai ujue kuna jambo. Akasema watu wanampigia simu mchana kutwa, wazima wa afya, wakitaka kujua kama nimepita kwao. Mzee mmoja amehamia kwa mwanawe Galway kwa sababu nilimwuliza hali. Akasema hajali kuhusu kiti, nikitaka atajitoa. Anachotaka ni kujua natoa wapi majina.

Nikamwambia ni siri ya kisiasa.

"Sikiliza, Ultan," akasema. "Mimi nimewaosha na kuwavisha wafu miaka thelathini. Hawajanitisha hata siku moja. Wewe unanitisha. Popote unapokwenda, acha kwenda."

Angalia ujanja wa mtu huyu! Eti atajitoa. Ameona nashinda, anataka kile kitabu cha karani. Nilimfungulia mlango. Attracta alimsindikiza mpaka langoni, wakasimama wakizungumza muda mrefu kwenye mvua.

Jumanne, 25 Novemba

Nimefanya jambo. Niliandike haraka.

Nilinunua kalamu ya kijani. Nilifanya mazoezi ya herufi za kulala ubavu nyuma ya risiti za zulia, asubuhi nzima. Si kwamba namtakia Breheny kifo. Namtakia mafua makali mpaka Jumamosi. Lakini kitabu hakina sehemu ya mafua.

Ukumbi leo ulikuwa baridi ya kuumiza meno. Kitabu kilikuwa wazi, ukurasa una tarehe tu, mweupe wote. Juu yake kalamu, kifuniko kimetolewa. Sikuhitaji hata ya kwangu.

Nikaketi mezani pa karani. Nikaandika: Hoja ya rambirambi kwa familia ya Bw. Colman Breheny. Mtoa hoja, Diwani U. Geraghty.

Nilipomaliza, mtu akakohoa nyuma yangu. Kikohozi kidogo, cha adabu. Ni kile alichokohoa Bi Tansey kila mara diwani aliposema nje ya utaratibu. Miaka kumi na tatu nilikisikia, mara nyingi kwa ajili yangu. Kilikuwa karibu sana, shingo ilihisi pumzi, na pumzi haikuwa na joto.

Nikasema samahani, Bi Tansey. Mdomo ulisema wenyewe. Kisha nikatoka mbio, mtu wa miaka hamsini na minane.

Ijumaa, 28 Novemba

Breheny alikuja kwenye kikao mzima wa afya, hana hata kamasi.

Tulikutana chumba cha nyuma cha hoteli saa kumi na moja. Nilihutubia. Nilisema mji bila baraza ni mji bila mdomo, kwamba watu wetu wanahitaji mwakilishi anayewafikia mapema. Hapo kwenye mapema wanawake wawili walitoka nje. Nikasema nikiteuliwa nitamtembelea kila mmoja nyumbani kwake. Mstari wa mbele wote ulirudisha viti nyuma.

Matokeo: Breheny arobaini na nane. Mimi mbili.

Moja ni yangu. Attracta ameniambia waziwazi, bila kupepesa, kwamba ya kwake amempa Breheny. Msimamizi alizihesabu karatasi mara nne, jasho linamtoka. Tuliokuwa chumbani tulikuwa arobaini na tisa. Karatasi zilikuwa hamsini. Ile ya kwangu ya pili ilikuwa imewekwa alama kwa wino wa kijani, na alipoishika ilimwachia rangi.

Basi yuko mtu aliyenipigia kura! Nimeguswa kweli.

Jumatatu, 1 Desemba

Nilikuwa nimeamua kuacha siasa. Niliamua saa mbili asubuhi. Saa mbili na nusu barua ikaletwa, ingawa mpeleka barua anasema hakuileta yeye.

Bahasha ya baraza letu la zamani, yenye nembo. Nainukuu kwa ufupi. Baraza la Mji wa Kilbrannock limepokea hoja yangu ya tarehe 25 kuhusu Bw. Breheny. Limeona haiwezi kujadiliwa kwa kuwa mtoa hoja si mjumbe wa sasa. Baraza, bila kupingwa, limeamua kuniteua niwe mjumbe wake wa kudumu. Naombwa nitie sahihi tamko la kukubali wadhifa na kuhudhuria kesho Jumanne, saa nane mchana. Hoja yangu itasikilizwa nikiwapo.

Nimerudi barazani! Si kwa huruma ya tawi, si kwa foleni za msibani. Bila kupingwa! Waache waende kaunti yao, maili thelathini na tisa na mvua. Mimi nitauwakilisha mji wangu ndani ya mji wangu, na wa kudumu, hakuna uchaguzi wala mageuzi. Nimeshatia sahihi. Kesho nikishaapishwa, tutaona Breheny atapanga foleni ya nani.

Nimempa Attracta asome ajenda iliyokuja na barua. Shughuli ya kwanza: hoja ya rambirambi kwa Bi Attracta Geraghty na familia. Akawa mweupe. Akakaa kwenye ngazi na barua mapajani.

Nikamwambia ajikaze. Mama yake kule Ballina ana miaka tisini na mmoja, ameishi vya kutosha, na ni heshima kubwa baraza zima kumkumbuka. Nikamwambia mazishi yatakuwa makubwa, Ballina yote itakuja, tuagize mkate mapema. Safari hii nitatia chumvi.

"Nimeongea na mama sasa hivi," akasema. "Anacheza karata. Ni mzima kuliko mimi na wewe. Ultan, soma tena. Tafadhali. Soma ni nani anayepewa pole."

Nikamwambia hata Bi Honor alikuwa mzima. Akanishika mkono wa koti kwa mikono miwili, akalia, akaniomba tuichome ile barua na kesho twende wote Ballina, tukae huko mpaka Krismasi. Nilimhurumia sana. Mtu akikaribia kumpoteza mama yake husema ovyo.

Suti imepigwa pasi. Viatu vinang'aa. Nimeipitia ajenda tena na nimeona kasoro moja tu: ile hoja ya rambirambi ina mtoa hoja lakini haina wa kuiunga mkono, na kwa kanuni zetu haiwezi kupita hivyo. Siwezi kuacha familia yangu iaibike siku yangu ya kwanza. Nimeandika jina langu pale kwenye nafasi, kwa kijani, ili ipite bila mjadala. Attracta nimemwambia kesho asiniwekee chakula, maana mkutano wa kwanza huwa mrefu.